Kuta za Mbao za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuzifufua na Kuzipa Sura Mpya

Ukuta uliofunikwa kwa mbao miaka mingi iliyopita huhukumiwa kwa rangi yake tu: umekuwa mweusi, unakifanya chumba kionekane kidogo, basi upakwe rangi nyeupe au ung'olewe. Majibu yaliyo hapa chini yana msimamo mmoja. Anza na kazi unayoweza kuirudisha nyuma, na ile isiyorudishika iwe ya mwisho. Kusafisha hakumnyimi mtu kitu. Rangi ikishazama kwenye nyuzi za mbao na kwenye mifereji, kuitoa ni kazi ndefu na ya kuchosha, na haitoki yote.

Nitajuaje kama ukuta wangu ni mbao nzima, plaiwudi, au karatasi yenye picha ya mbao?

Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha soketi iliyo kwenye ukuta huo, kisha mulika ukingo wa tundu kwa tochi. Ukingo hausemi uongo. Mbao nzima huonyesha nyuzi zilezile kuanzia usoni hadi nyuma. Plaiwudi huonyesha matabaka yaliyopishana, moja nyuzi zake zikienda wima na la pili mlalo, na tabaka la juu kabisa, yaani vinia, ni jembamba kuliko watu wanavyodhani: kwenye paneli za kiwandani mara nyingi halifiki milimita moja. Aina ya tatu ni hadibodi au ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Huo ni kahawia mtupu usio na tabaka, na usoni umebandikwa karatasi iliyochapwa picha ya nyuzi.

Kama hakuna soketi, chunguza vifundo. Ukikuta kifundo chenye umbo lilelile kikijirudia mahali palepale kwenye paneli ya pili na ya tatu, hiyo ni chapa. Tazama pia viungo. Paneli nyingi za kiwandani zina upana wa mita 1.22, kwa hiyo utakuta kiungo halisi kila baada ya umbali huo, hata kama mifereji iliyochongwa usoni inaonyesha mbao nyingi nyembamba.

Jambo hili linaamua karibu kila kitu kinachofuata. Mbao nzima inaweza kupigwa msasa leo na tena miaka mingi ijayo. Vinia huvumilia msasa mwepesi mara moja, pengine mbili. Karatasi iliyochapwa haiguswi na msasa mkali hata kidogo. Ukitoboka tu, picha ya mbao imekwisha, na kilichobaki ni kuupaka rangi.

Kwa nini mbao zimekuwa nyeusi au za rangi ya chungwa?

Sababu ni nyingi na huja pamoja: moshi wa jikoni na wa sigara, mafuta ya mikono kuzunguka swichi, tabaka juu ya tabaka la nta iliyonasa vumbi, na vanishi yenyewe. Vanishi ya mafuta hugeuka manjano kadiri inavyozeeka. Mwanga nao hubadilisha mbao. Paini huanza ikiwa nyeupe na kuishia rangi ya asali, mvule hutoka manjano hadi kahawia iliyokolea, ilhali jozi hufanya kinyume na kupauka. Ndiyo maana ukiondoa picha iliyotundikwa miaka mingi unakuta mraba wa rangi tofauti.

Ninachotaka kusisitiza ni kwamba weusi mwingi uko juu ya mbao, hauko ndani yake. Safisha sehemu ndogo nyuma ya mlango uone. Watu wengi huahirisha mpango wa kupaka rangi baada ya kuona sehemu hiyo.

Nisafishe kwa nini bila kuharibu?

Anza pakavu: brashi laini au mashine ya kuvuta vumbi, hasa kwenye mifereji na juu ya mikanda, yaani zile mbao nyembamba za urembo. Kisha chukua maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo na kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi. Fanya kipande kidogo kwa wakati, kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika kwenye sehemu kavu iliyo chini huacha michirizi ambayo ni shida kuitoa. Futa kwa kitambaa cha pili chenye maji safi, kausha papo hapo kwa cha tatu. Maji yasiingie kwenye viungo, na kwenye plaiwudi yasikae kabisa, maana gundi ya zamani ikilowa vinia hunyanyuka.

Sabuni haitoi nta. Kama baada ya kukauka ukuta bado unanata, au ukikwaruza kwa ukucha unapata utando laini wa kijivu, tumia tapentaini kwenye kitambaa. Fungua madirisha, zima kila chenye moto, badilisha kitambaa kila kinapokuwa cheusi. Tapentaini huyeyusha nta na mafuta lakini haigusi shelaki (polishi inayoyeyushwa kwa spiriti), laka (utando mgumu unaoyeyushwa kwa thina yake) wala vanishi iliyokauka vizuri, kwa hiyo ni njia salama kuliko inavyofikiriwa.

Epuka polishi za kupuliza zenye silikoni. Zinang'arisha leo, na kesho vanishi au rangi utakayopaka juu yake itajikunyata na kuacha vijishimo vya duara.

Nitajuaje ni vanishi ya aina gani iliyopakwa?

Hili ni swali ambalo watu huliruka, na lingewaokolea kazi nyingi. Tafuta mahali palipojificha, safisha, kisha jaribu kwa mpangilio huu. Weka pamba yenye spiriti kwa nusu dakika hivi. Pakianza kunata na pamba ikashika rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki. Kama spiriti haikufanya kitu, jaribu thina ya laka. Pakiyeyuka, ni laka. Thina ikikunjakunja utando bila kuuyeyusha, au isiufanye lolote, una vanishi ya mafuta au poliyurethani, ile vanishi ngumu ya plastiki. Tone la maji likinyonywa mara moja, mbao ni tupu au ina mafuta tu yaliyokwisha nguvu.

Faida yake ni hii: shelaki na laka hazihitaji kutolewa ili zitengenezwe upya. Shelaki mpya huyeyusha kidogo ile ya zamani na kuungana nayo kuwa utando mmoja. Ukuta wa shelaki uliojaa nyufa ndogondogo unaweza kusafishwa, ukapitishwa brashi yenye spiriti ili nyufa zijifunge, ukapakwa mkono mmoja mwembamba wa shelaki mpya, ukarudi kama ulivyokuwa. Hakuna msasa, hakuna kemikali kali. Poliyurethani haina hisani hiyo. Mkono mpya haushiki wa zamani mpaka uukwaruze kwanza kwa msasa laini.

Je, ni lazima nipige msasa mpaka mbao tupu?

Mara nyingi hapana. Ukishasafisha, kama utando bado umeshika, pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi kufuata nyuzi, futa vumbi, paka mkono mpya. Msasa wa kufika mbao tupu ni kwa vanishi inayobanduka magamba, au pale unapotaka kubadilisha rangi ya mbao yenyewe.

Ukilazimika, anza na namba 120, kisha 180, umalizie na 220. Usiruke namba, na usikate nyuzi kwa kukwaruza mlalo. Mikwaruzo ya mlalo haionekani mbao ikiwa kavu, lakini vanishi ikigusa tu inajitokeza yote. Mashine ya msasa wa mkanda isikaribie vinia. Kwenye kingo na pembe hata mkono wako unatosha kutoboa.

Dawa ya kutolea vanishi inafaa zaidi kwenye mikanda iliyochongwa ambako msasa hufuta maumbo. Soma kopo kabla ya kununua. Dawa zenye methilini kloraidi zimeua watu waliokuwa wakifanya kazi ndani ya vyumba vilivyofungwa, na Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuziuza kwa matumizi ya nyumbani. Zipo zinazofanya kazi polepole zaidi bila kemikali hiyo, na kungoja saa chache si gharama kubwa. Bunduki ya hewa moto siipendekezi ukutani. Nyuma ya mbao kuna uwazi wenye vumbi kavu, na moto unaweza kuanzia huko usiuone mpaka umeshika.

Mbao zangu zilishawahi kupakwa rangi. Kuna hatari gani?

Risasi. Rangi za zamani zilichanganywa madini hayo kwa wingi. Marekani ilizuia rangi yenye risasi kwenye nyumba mwaka 1978, na baadhi ya nchi zilichelewa zaidi. Kama hujui rangi ilipakwa lini, ichukulie kuwa ina risasi mpaka kipimo kionyeshe vinginevyo. Vipo vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi, na kipande kinaweza kupelekwa maabara kwa jibu la uhakika.

Ikiwa ipo na imeshika vizuri, mara nyingi lililo salama ni kuifunika kwa rangi mpya bila kuichokonoa. Ikibidi kuitoa, isipigwe msasa mkavu wala kuchomwa kwa moto. Ilowanishwe, sakafu itandikwe plastiki, uvae barakoa ya chujio la chembe ndogo, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Watoto na wajawazito wasiwepo nyumbani mpaka usafi umalizike, kwa sababu mtoto anadhurika kwa kiasi kidogo sana na madhara kwenye ubongo hayarudi nyuma.

Kuna vitundu vidogo na unga kwenye mbao. Nifanye nini?

Kwanza tofautisha mharibifu wa zamani na aliye kazini. Vitundu vya duara vya milimita moja au mbili ni milango ya kutokea dumuzi, na huenda walishaondoka muda mrefu. Futa unga wote, bandika karatasi nyembamba juu ya sehemu hiyo, subiri. Unga mpya sakafuni au tundu jipya kwenye karatasi ni ushahidi kwamba bado wapo, na hapo mbao itibiwe kwa dawa, nzuri ni zile za chumvi za boroni. Dawa hiyo huingia kwenye mbao tupu tu. Juu ya vanishi inateleza bure.

Mchwa ni habari nyingine. Hawaachi unga, wanakula ndani na kuacha ngozi ya nje. Gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyoliwa hulia kama boksi tupu, na ncha ya kisu huzama bila nguvu. Ukikuta mirija ya udongo, acha mipango yote ya urembo. Mchwa hao wanatoka ardhini na wamepitia mahali fulani, na bila kuwazuia huko utakuwa unawapambia chakula.

Madoa meupe na meusi yanatoka?

Doa jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya shelaki au laka. Kitambaa chenye unyevunyevu wa spiriti, kikipitishwa harakaharaka bila kusimama, mara nyingi hulitoa. Doa jeusi limeingia kwenye mbao yenyewe. Kwa kawaida ni chuma kilichokutana na maji na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao, ndiyo maana hukizunguka kichwa cha msumari au huonekana chini ya dirisha. Hapo vanishi itolewe kwanza, kisha upakwe mmumunyo wa asidi ya oksaliki uliochanganywa kwa maji ya moto, uachwe ufanye kazi, halafu uoshwe mara kadhaa kwa maji safi. Asidi hiyo ni sumu. Vaa glavu na miwani, usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, na mabaki yaliyokauka usiyapige msasa bila barakoa.

Kabla ya yote hayo, tafuta maji yalikotoka. Ukuta wa nje unaovuja utarudisha doa lilelile, na mbao zilizofungwa juu ya ukuta wenye unyevu huoza kuanzia nyuma, mahali usipoona.

Nyufa, mbonyeo na mbao zilizolegea?

Mbonyeo kwenye mbao nzima isiyokatika nyuzi huinuliwa kwa mvuke: kitambaa chenye maji, ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache, rudia. Vinia iliyonyanyuka hurudishwa kwa gundi iliyoingizwa kwa sindano, ikakandamizwa chini ya karatasi ya nta na kipande cha ubao mpaka ikauke. Ikiwa gundi yake ni ile ya kale ya ngozi za wanyama, pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa inaweza kuyeyusha gundi iliyopo na kuishikisha tena.

Mbao iliyolegea ikazwe kwenye papi, yaani ubao mwembamba ulio nyuma unaoshikilia mbao za ukuta, si hewani. Tafuta papi kwa kufuata mstari wa misumari ya zamani. Kama kuna ubao mmoja umeharibika kabisa, usikimbilie dukani. Chukua ubao kutoka nyuma ya kabati la ukutani, ambako hauonekani, weka mpya huko. Mbao mpya haitafanana na ya zamani kwa rangi hata ukihangaika vipi.

Kwa nini mstari wa mbao tupu unajitokeza pembeni mwa paneli nilizopaka rangi?

Hapa kuna ufundi unaostahili heshima. Katika kuta za fremu na paneli, ubao wa katikati haukugundishwa. Umekaa huru ndani ya mfereji wa fremu, kwa sababu mbao hupanuka na kusinyaa upande wa mapana yake hewa inapobadilika, na seremala aliuachia nafasi ya kupumua. Ukipaka rangi wakati wa unyevunyevu, paneli imetanuka. Ukame ukija inasinyaa, na ukingo uliokuwa umejificha ndani ya fremu unatoka nje bila rangi, mstari mwembamba kama uzi pande zote mbili.

Dawa yake ni kupaka wakati hewa ni kavu na paneli imesinyaa, ukianza na ukingo wenyewe kwa brashi nyembamba. Usijaze ufa huo kwa puti wala kumimina gundi. Paneli iliyozuiwa isitembee hupasuka katikati, na ufa huo haufichiki.

Nimeamua kupaka rangi. Nifanyeje ikae?

Safisha kama ilivyoelezwa, kwa sababu rangi juu ya nta hubanduka kwa ukucha. Kwaruza mng'ao wote kwa msasa namba 150, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha na kufunga, na praima hapa si hiari. Vifundo hutoa utomvu, na mbao zenye tanini nyingi hutoa rangi ya kahawia inayopenya praima ya kawaida ya maji na kuchafua nyeupe yako hata baada ya mikono mitatu. Praima ya shelaki ndiyo inayofunga vyote viwili vizuri. Hukauka haraka, harufu yake ni kali, na brashi huoshwa kwa spiriti.

Anza na mifereji kwa brashi, kisha nyuso kwa rola ya manyoya mafupi, na kabla rangi haijakauka pitisha brashi wima kuondoa matone yaliyojikusanya mferejini. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mzito. Rangi isiyong'aa sana huficha kasoro, inayong'aa huzitangaza. Mimi huchagua ya mng'ao mdogo, kwa kuwa ile isiyong'aa kabisa hushika alama za vidole na haioshwi vizuri.

Wengine huuliza kama wajaze mifereji ili ukuta uwe laini kama plasta. Inawezekana, lakini siishauri. Chini ya mifereji kuna viungo vinavyotembea, na puti itapasuka kufuata mistari ileile. Kama unachotaka ni ukuta laini, funga jipsamu bodi juu yake, ukikumbuka kwamba masanduku ya soketi lazima yasogezwe mbele yafike usawa mpya. Waya usiachwe ukipita kwenye uwazi wa mbao kavu.

Naweza kukifanya chumba king'ae bila kupaka rangi ya kufunika?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayoipenda. Dari nyeupe na taa zinazomulika ukuta wenyewe badala ya sakafu hubadilisha chumba kuliko watu wanavyotarajia. Ukitaka zaidi, punguza rangi nyeupe ya maji kwa maji kiasi sawa, paka kwenye mbao iliyotolewa vanishi, ifute kwa kitambaa baada ya dakika moja au mbili. Nyuzi zinabaki zikionekana, uchungwa unapungua. Jaribu kwanza kwenye kipande, kwa sababu paini na mkangazi hazinywi rangi kwa kiasi sawa.

Vanishi ya kumalizia iwe ya maji kama hutaki manjano yarudi. Ya mafuta huipa mbao joto zuri, ila itaendelea kukolea. Msaji una mafuta yake ya asili yanayozuia vanishi kushika, kwa hiyo ufutwe kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka.

Na vitambaa vyenye mafuta ya kitani, vitupwe wapi?

Si kwenye ndoo ya takataka vikiwa vimekunjwa. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa hulizuia joto hilo mpaka viwake vyenyewe, saa kadhaa baada ya wewe kulala. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Nisubiri muda gani kabla ya kurudisha samani?

Rangi na vanishi za maji hukauka kwa kuguswa ndani ya saa chache, lakini hukomaa kwa wiki tatu au nne. Katika kipindi hicho usiegemeze kabati ukutani, usibandike chochote, na usioshe kwa sabuni. Picha ndogo zinaweza kutundikwa baada ya siku chache, zikiwekewa vipande vya kitambaa kwenye pembe za nyuma ili zisigande.